Malalamiko Kuhusu Milima Iliyohamia Jarubani Kwangu

Chumbi, Rufiji
Jumanne, mwezi wa tano

Kwa Ndugu Tamimu, Mtaalamu wa Miamba,
uliyelala dunguni kwetu siku tatu, ukaondoka salama, ukatuachia maneno.

YAH: MILIMA YAKO

Assalaam alaykum. Natumaini hujambo na kwamba unakula vizuri, maana ulipokuwa kwetu ulikula vizuri. Huku sote ni wazima wa mwili. Kuhusu akili nitaeleza.

Kama umenisahau, mimi ni Mwanahawa, mke wa Haruna, yule aliyekukaangia perege mpaka ukaomba kichwa. Ulikuja mwezi wa pili na bomba lako refu, ukawa unalidumbukiza kwenye shamba letu la mpunga na kutoa udongo kama mtu anayetoa uboho kwenye mfupa. Tukakupa nafasi juu ya dungu, kibanda chetu cha miguu mirefu tunachokaa msimu mzima kulinda mpunga usiliwe na nguruwe na ndege. Tulikuona kijana mwenye adabu. Siku ya tatu mume wangu akakuuliza udongo huu umetoka wapi, nawe, badala ya kujibu kama watu wa hapa, kwamba Mungu ndiye ajuaye, ukamjibu kweli.

Ulisema zamani sana nchi mbili kubwa ziligongana huko bara, ikainuka milima mirefu kuliko Kilimanjaro. Ukasema chini ya milima ile mawe yalipikwa kwa joto na kubanwa mpaka yakaota vito vyekundu, kisha mvua ikaisaga milima punje kwa punje, na mto ukaibeba mpaka hapa kwetu. Shamba lenu lote, ukasema, ni milima iliyosagwa. Nakumbuka pia uliongeza kwamba kinachofika huku ni chembe ndogo za kutazamwa kwa lenzi, na kwamba vito vyenyewe vimebaki kule Mahenge, ambako familia nzima nzima zinavichimba. Hayo ya mwisho niliyasikia peke yangu. Haruna alikuwa ameshashuka ngazi kutafuta jembe.

Basi kwa heshima zote naleta malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili usije ukayaruka.

1. Umri wa mawe. Ulitamka miaka milioni mia sita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema maji yamechemka. Haruna hajawahi kukumbuka mwaka tuliooana, lakini hiyo ameikumbuka. Nikimwambia paa la jiko linavuja tangu masika ya juzi, ananitazama kwa huruma na kusema, "Mke wangu, masika mawili ni kitu gani mbele ya miaka milioni mia sita?" Nikiuliza habari za kitenge cha Idi, jibu ni hilo hilo. Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, alimwambia goti linamuuma mwaka wa tatu sasa, akaambiwa kuna mawe yamebanwa chini ya ardhi muda mrefu zaidi na hayajasema kitu. Bi Mwantumu hakusema naye siku nne. Namba kubwa namna ile haikupaswa kuachwa mikononi mwa mume wa mtu bila maelezo ya matumizi.

2. Milima yenyewe. Hakuna aliyeiomba. Sisi ni watu wa bondeni, mlima tunauona kwenye kalenda na tunaridhika nao hapo hapo. Sasa Haruna anasema tunaishi juu ya mlima, ila umelala. Akienda shambani anaaga kwamba anapanda. Jirani yetu Mshamu, ambaye jaruba lake limepakana na letu, amekuja mara mbili kuuliza kwa upole kama mlima wetu umeingia upande wake, na kama umeingia, ni sehemu gani, kilele au kiuno. Mshamu hachimbi, bali anakuja kila siku kutoa ushauri ukingoni mwa shimo, na ushauri wake huisha tukishakula.

3. Mashimo. Yako matatu, na yote yamo ndani ya mpunga, si pembeni. Wachimbaji ni Haruna na mdogo wake Kudra. Wanasema huu ni mgodi wa familia, na kwamba kule Mahenge hata wake huingia shimoni. Nimewajibu kwamba mimi ni mke wa Chumbi. Wewe umesoma, utaelewa nikikwambia kwamba ukichimba Chumbi mwezi wa nne huchimbi shimo, unachimba kisima. Kila asubuhi maji yamejaa hadi mdomoni. Wanayachota kwa ndoo hadi adhuhuri, wanachimba hadi alasiri, wanarudi nyumbani wakiwa na rangi moja, kesho wanaanza upya. Mpaka leo mgodi umetoa kambale kumi na wawili, konokono wengi, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Haruna ameiosha ile ndala na kuiweka dirishani, kwa kuwa anasema hatujui ina miaka mingapi.

4. Ungo wangu. Hapa naomba ukae vizuri. Huu ndio ungo nilioupata kwa shangazi yangu Habiba siku nilipotolewa kwetu, nimepetea mchele wa harusi na wa matanga, na kwa ungo huu nimelisha wanangu. Haruna amegundua kwamba ungo unaweza kupeta mchanga. Tena anasifia, anasema wanaume wa Mahenge wana chekeche za waya lakini hawana mkono wa mwanamke wa Rufiji, kwamba sisi tangu utotoni tunajua kutenga kizito na chepesi kwa kutikisa tu, na hatujui kwamba hiyo ni kazi ya mgodini. Alitaka nimfundishe. Nikamfundisha, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa anatikisa kama mtu mwenye homa na nilishindwa kuvumilia kutazama. Sasa ungo umetoboka katikati.

5. Ndege. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, na hapa sitanii. Mpunga umeingia maziwa. Wewe si mkulima, kwa hiyo nikueleze: punje sasa hivi ni laini na tamu, na tongo, hawa ndege wadogo wala mpunga, wa Rufiji nzima wanajua. Wanakuja kundi kwa kundi tangu jua linachomoza. Ni wiki tatu tu hizi, lakini ndizo zinazoamua kama tutakula wali mwaka mzima au tutatazama wa wenzetu. Kazi ya kuamia ndege ni ya nyumba nzima, huyu avute kamba ya makopo upande huu, yule apige kelele upande ule. Mwaka huu niko peke yangu juu ya dungu. Binti yetu Johari hunisaidia akitoka shule, lakini tongo hawangoji shule ifungwe. Navuta kamba, napiga kelele, nageuka, wameshatua nyuma yangu. Sauti imekauka, hata kwenye maulidi nilikuwa nafungua mdomo tu. Nikitazama chini namwona mume wangu yumo majini hadi kiunoni, anatafuta jiwe, na ndege wanakula hatua tano kutoka kichwani pake. Sikufichi, mwanangu, juzi nililia. Tukikosa huu mpunga, mimi Mwanahawa nitakwenda na kikapu Ikwiriri kununua mchele, mbele ya watu wanaojua nimezaliwa kwenye mchele. Heri nizikwe kwenye moja ya mashimo yale.

6. Barua ya Mahenge. Wiki iliyopita Haruna alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba waandikiwe watu wa Mahenge waache kuchimba. Hoja yake ni kwamba milima imekuwa ikishuka kwetu tangu zamani kwa utaratibu wake, kwa hiyo vito vilivyobaki kule ni mzigo wetu ulio njiani, na wao wanauvizia. Mwenyekiti alimuuliza utafika lini. Haruna akamwambia, "Tumengoja milioni mia sita, tutashindwa na hicho kidogo kilichobaki?" Mwenyekiti ni mtu mzima na ana shughuli, lakini nasikia aliuliza kama na shamba lake limo kwenye mgao. Umeona sasa ugonjwa unavyosambaa.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na sioni kama nimezidisha.

Kwanza, upunguze miaka. Sikuambii useme uongo, nakuomba upunguze tu. Ukimwandikia Haruna kwamba ulihesabu tena ukapata arobaini, atatulia, kwa kuwa kitu cha miaka arobaini anakifahamu, hata baiskeli yake ina umri huo. Pili, ukishindwa kupunguza, basi milima hiyo uitafutie mwenyewe mwingine. Watu wa Utete ni wakarimu. Tatu, uje na nguo za kazi, ukae dunguni kwangu siku tatu ukiamia ndege, siku moja kwa kila siku uliyokula perege wangu ukisema. Nne, ungo.

Tena napendekeza kwa wakubwa wako kwamba kuanzia sasa mtaalamu yeyote akiulizwa swali na mume wa mtu, kabla hajafungua mdomo aonyeshe kibali cha mke. Kiwe na picha ya mke na sahihi yake. Swali likihusu kitu chenye umri zaidi ya ndoa yao, viwe vibali viwili. Na likihusu kitu kilicho chini ya shamba, mama mkwe naye atie dole gumba. Mkifanya hivyo elimu itakwenda taratibu kidogo, lakini mpunga utavunwa.

Nisalimie mama yako, na umwambie amelea vizuri isipokuwa hapo kwenye kujibu. Nisalimie wenzako wote mnaodumbukiza mabomba, na mwalimu wako aliyekufundisha kuhesabu bila kusimama. Bi Mwantumu anakusalimu na anauliza kama miamba ina dawa ya goti. Johari anakusalimu, ndiye atakayeipiga picha barua hii na kukutumia kwa WhatsApp. Kudra anakusalimu kutoka shimoni. Haruna angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia, na ninaomba ibaki hivyo.

Ni mimi mwenye sauti ya kukwaruza na haki kamili,
Mwanahawa, mke wa Haruna
Juu ya dungu, Chumbi

Baada ya kuandika:

Ukurasa huu nimeupiga picha mwenyewe, Johari asiuone. Tafadhali na wewe ukishausoma ufute.

Leo Alhamisi asubuhi mambo yamegeuka. Haruna alipanda ngazi ya dungu, miguu misafi, akasimama pale mlangoni kama mgeni. Akasema, "Mke wangu, sauti yako imekwisha, nipe hiyo kamba." Nikampa. Akasema mashimo mawili wameshayafukia yeye na Kudra, na kwamba akimaliza kuamia atanitafutia ungo mpya. Nilifurahi, nikamwambia apumzike na udongo, la tatu nitalifukia mwenyewe.

Nilishuka na beleshi. Nimetupa beleshi la kwanza la udongo, nimetupa la pili, la tatu likatoka na jiwe, nikalishika mkononi. Mwanangu Tamimu, ni jekundu. Ni kubwa kama punje ya hindi, lina ncha juu na ncha chini, na kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Nimelisafisha kwa maji, nikalielekeza kwenye jua, na mwanga ukapita mpaka kwenye kiganja changu. Sasa limo kwenye pindo la kanga yangu na sijamwambia mtu.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu, la kwanza mpaka la sita, uyafute. Miaka iache kama ilivyo, hata ukiongeza siyo mbaya. Ya Utete usiyaseme kwa mtu. Shimo sikulifukia. Nimechota maji, nikalishusha kina kidogo, kama urefu wangu hivi, nikalifunika kwa majani ya mpunga. Haruna anaamia ndege vizuri sana, ana sauti kubwa, na hakuna haja ya kumshusha kabla ya mavuno. Amekuwa akiniuliza mbona kufukia shimo moja kunachukua siku nzima, nimemwambia udongo wa mlima ni mzito.

Njoo haraka, na lenzi, pitia njia ya nyuma kwa Mshamu lakini Mshamu asikuone. Nitakaanga perege. Ila kabla hujapanda basi nijibu jambo moja tu, na nijibu kweli kama ulivyomjibu Haruna: ile leseni ya uchimbaji mdogo, je, wanakubali kuiandika kwa jina la mke peke yake?