Nafuu ya Kodi ya Kwenda Norway

Ijumaa, 28 Machi

Trevor Bamber ananikera mpaka kwenye mifupa. Leo kwenye klabu yetu ya mchezo wa matufe, kabla hata hatujaviringisha tufe la kwanza kwenye nyasi, katangaza kwamba watu wa kodi wamemrudishia zaidi ya pauni elfu moja. Bure! Kisa, ana mke. Mkewe kipato chake hakifikii kiwango cha kukatwa kodi, kwa hiyo kamhamishia Trevor sehemu ya nafuu yake ya kodi asiyoitumia, na wamehesabiwa mpaka miaka minne ya nyuma. Kanunua kibanda kipya cha bustani. Kisha akanigeukia mbele ya kadamnasi: "Na wewe Norris, hujaomba? Kumbe umeoa bure, mzee!" Wakacheka wote.

Nikajikuta nimesema niliomba zamani, na kwamba pesa hizo ndizo zitakazompeleka Hilary wangu Norway kwa meli, mwezi wa sita, tukitimiza miaka thelathini ya ndoa. Trevor kabaki mdomo wazi. Raha iliyoje!

Kasoro moja tu. Sijaomba kitu. Na Hilary anaitamani Norway tangu fungate yetu, tuliyoila Blackpool, pwani ya hapa hapa kwetu, chini ya mwavuli wa mvua. Mwaka jana nilimpa mashine kuukuu ya kufyonza vumbi niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Alisema asante. Sitaki kusikia tena asante ya namna ile.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya Akina Mama ya huku kwetu. Mama mkwe, Bi Mavis, kaja kula kondoo wa kuchoma. Sikula vizuri. Mguu hautulii chini ya meza, Hilary kaukanyaga mara mbili.

Nimesoma masharti. Kwanza, mwaka wa nyuma kabisa unaodaiwa unafutwa mwaka wa kodi ukifungwa tarehe 5 Aprili, yaani Jumamosi hii. Pili, anayeomba ni yule mwenye kipato kidogo. Hilary, basi. Kibanda changu cha kutengeneza mashine mbovu pale sokoni si haba, nakatwa kodi kidogo kama mwanamume yeyote wa maana. Yeye anagawa viazi vya kuponda shuleni. Tatizo ni kwamba safari ni siri, kwa hiyo itabidi nimwombee bila yeye kujua. Tena huenda wakauliza mshahara wake, nami siujui. Miaka thelathini! Lakini huku kwetu nani anauliza? Mtu atakufunulia kovu la upasuaji mezani huku mnakula, lakini umuulize mshahara, utadhani umemvua nguo.

Nikamvizia Bi Mavis jikoni, tukiwa tunaosha vyombo. Nikamuuliza kiaina, Hilary analipwaje siku hizi? Kacheka mpaka kashika sinki. Akasema, "Mkwe wangu, hebu muulize mkeo. Nami niite nikae pembeni nitazame." Sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepiga simu kwa watu wa kodi kutoka kibandani. Muziki, muziki, muziki. Wateja wawili wakaja na kuondoka. Hatimaye akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole. Nikabana koo na kujitambulisha: Bi Hilary Entwistle, wa Rawtenstall. Nilikuwa nimejizoeza chooni, na naapa sauti ilitoka safi.

Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikasema nagawa viazi, dada yangu, viazi vya watoto. Akaniuliza ninalipwa kiasi gani kwa mwaka. Nikasema kidogo sana, nikaongeza na kikohozi. Akasema maelezo yangu hayalingani na aliyonayo, hawezi kuendelea. Halafu akaniaga: "Siku njema, bwana."

Bwana! Jasho limenitoka mpaka kwenye soksi.

Jumanne, 1 Aprili

Mbinu mpya: mapenzi. Nikampelekea Hilary chai kitandani, na mkate wa siagi. Nikamsifia nywele. Nikasema kazi yake ni ngumu, natumaini wanamthamini, yaani, kwa takwimu.

Akaweka kikombe chini. "Norris, umefanya nini?" Nikasema sijafanya kitu. Akauliza kama ninaumwa. Akauliza kama kuna mwanamke. Mwanamke! Hapo hapo simu yake ikalia, akaanza kumfokea mtu habari za majokofu. Kila siku ni hizo simu. Nimekuwa nikidhani ni umbea.

Usiku Trevor kanitumia picha ya kibanda chake, kakipaka rangi ya kijani. Chini kaandika: "Meli gani, mzee?" Sikujibu. Usingizi hauji.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefunga kibanda asubuhi na kwenda shuleni kwake. Nia ilikuwa kuwauliza wenzake, kimzaha mzaha, wanapata ngapi. Nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Nikawaambia wale mama watatu wenye kofia za wavu kwamba mimi ni mume wa Hilary Entwistle.

Mmoja kaangusha mwiko. Mwingine kaanza kusugua jiko kama mwizi anayefuta alama za vidole. Wa tatu, mnene, kaniomba niketi, kaniletea pai ya jibini na vitunguu, huku akiniapia kwamba lile jokofu limeshatengenezwa, nimwambie bosi asiwe na wasiwasi.

Bosi gani? nikauliza.

Wakatazamana. Yule mnene akasema Hilary hajashika mwiko pale miaka saba sasa. Yeye ndiye mkuu wa majiko ya shule zote za eneo hili. Akitia mguu, watu wanasimama wima.

Nikaimaliza pai. Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Kisha nikakaa kwenye benchi karibu na kituo cha basi mpaka mvua ikanifukuza.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemuuliza. Alikuwa anapiga pasi. Nikatoa yote: Trevor, nafuu, Norway, hata ile sauti ya simu. Pale pa sauti alilazimika kuzima pasi kwa kucheka.

Halafu akaniambia mshahara wake. Pauni elfu hamsini na nne kwa mwaka. Nikaketi juu ya kapu la nguo. Akasema anakatwa kodi ya kiwango cha juu, na mwenye kukatwa kodi hiyo haingii kabisa kwenye mpango ule, awe anatoa nafuu au anapokea.

Kwa nini hukuniambia? nikauliza. Akasema aliniambia, siku ile ile alipopandishwa cheo. Nilikuwa nimeweka sikio kwenye mota, nikajibu, "Safi sana, mpenzi." Na gari alilopewa kazini? Nilidhani ni la kubebea viazi. Akaniuliza taratibu, "Norris, ulidhani nani kamaliza mkopo wa nyumba?" Nikasema kibanda changu. Hakucheka hapo. Akanishika bega.

Niliumia. Naandika kama ilivyo. Si kwamba ananizidi. Ni kwamba miaka saba amekuwa akiniacha nitoe pochi mgahawani mbele ya watu, ili nijione mwanamume.

Kisha kasema meli ameshalipia tangu Januari, chumba chenye dirisha. Nilichotakiwa ni kubeba mabegi na kumsikiliza akizungumza, basi. Nikamwahidi. Machozi yalinilenga. Nikasema kuanzia leo nimekuwa mtu mwingine, mambo ya Trevor basi, hila basi.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijalala, lakini kwa furaha! Nimeyasoma masharti upya. Kipato cha mpokeaji kisizidi pauni 50,270 kwa mwaka. Mtoaji awe chini ya 12,570. Sasa tazama! Hilary akiomba wampunguzie mshahara pauni elfu nne tu, anaingia. Mimi nikishusha kipato changu pauni elfu mbili, naingia. Namhamishia nafuu yangu, na tunaokoa pauni mia mbili hamsini na mbili. Kila mwaka! Trevor atameza tufe.

Hilary alianza kuniambia jambo wakati wa kifungua kinywa, kuhusu Norway nadhani, au kazi. Nilikuwa kwenye hesabu. Nikamjibu, "Safi sana, mpenzi."

Upande wangu wa kushusha kipato umeshaanza. Ni saa tano asubuhi, Jumamosi, soko limejaa, na kibanda sijakifungua.