Vita vya Chupa Nne na Kikombe cha Chai

Sogeeni, enyi wote wenye masikio, zimeni redio na funikeni vyungu, niwasimulie habari za Mama Pindo, mshonaji mashuhuri, mshika sindano asiyetetemeka mkono, na vita alivyopigana juu ya rafu ya jikoni kwake, vita ambavyo majemadari wa zamani wangaliviona wangaliomba likizo.

Wanawe watatu, kila mmoja kwa mapenzi yake, walimletea chupa. Kifungua mimba alileta vitamini mchanganyiko, wa kati kalsiamu ya mifupa, na kitinda mimba mafuta ya ini la samaki. Zahanati nayo, ilipoona damu yake imepungua, ikampa vidonge vya madini ya chuma. Naye mama, kwa kuwa hakutaka mtoto yeyote amtangulie mwenziwe, aliwakusanya wote kiganjani, kidonge kwa kidonge, kila asubuhi, akawashusha kwa pamoja na kikombe cha chai ya maziwa. Haki ilitendeka, lakini damu haikupanda. Kizunguzungu kikamvizia kwenye cherehani, hata siku moja akashona kidole chake badala ya mkono wa gauni. Ndipo wanawe wakapitisha azimio: damu isipopanda kwenye kipimo kijacho, cherehani itahamishiwa stoo ya kifungua mimba, mama apumzike. Azimio hilo lilimuuma sana, maana ni kwa pedali ile aliwasomesha wote watatu.

Akainuka mkwewe, mume wa kitinda mimba, fundi friji, mtu wa adabu nyingi ambaye mbele ya mama mkwe hata kukohoa huomba radhi. Akazitia chupa zote mfukoni, akamsindikiza mama hadi duka la dawa. Huko mfamasia, mlinzi wa kaunta ya kioo, alisoma kila lebo, hata yale maandishi madogo ambayo watu huyakimbia, kisha akanena:

"Mama, jeshi lako linapigana lenyewe kwa lenyewe. Chuma na kalsiamu wakiingia mlango mmoja wanasukumana, chuma anabaki nje, na chai inamfungia komeo. Meza chuma asubuhi kwa maji, na chungwa ukilipata. Chai ingoje saa moja au mbili. Kalsiamu iwe ya jioni, pamoja na chakula. Lakini huu mchanganyiko na haya mafuta vyote vina vitamini A, na hiyo ikizidi inajilimbikiza mwilini, inadhuru. Kimoja lazima kiondoke."

Mama akakunja mikono. Alisema kuacha chupa ni kuacha mtoto, na yeye tangu azae hajaacha mtoto. Mkwe akaelewa kwamba njia ya kutokea ni moja tu, na chupa ya mkewe imesimama katikati yake. Akajifuta jasho, akachutama kando ya mzani wa kupimia uzito.

"Mama, ondoa ya kwetu. Mwenzangu nitamweleza mwenyewe, na akininunia nitavumilia."

Mama akakunjua mikono. "Hapana, mwanangu. Hawa niliwabeba mgongoni kwa zamu, na hakuna aliyesema nimemnyima. Ya mkubwa ikiisha, nitaanza ya mdogo."

Mfamasia akaafiki, ila akamsihi amwambie na daktari.

Asubuhi iliyofuata kikombe cha chai kilifuka mvuke mezani, kikimwita kwa harufu yake yote. Mama akameza chuma kwa maji, akaketi, mikono mapajani, akakitazama kikipoa mpaka saa nzima ikapita. Kuna miji iliyotekwa kwa ushujaa mdogo kuliko huo.

Kipimo kilipofika, damu ilikuwa imepanda, na cherehani ikabaki pale pale dirishani. Siku hiyo na ihesabiwe miongoni mwa siku kuu za dunia. Wanawe wakakusanyika kumpongeza, kila mmoja akidai ni chupa yake iliyoleta ushindi, mpaka wakaanza kukatana kauli. Naye Mama Pindo, mpatanishi wa chuma na kalsiamu, mtiisha chai, akavaa miwani, akaweka kitambaa chini ya sindano, akakanyaga pedali hadi asiwasikie tena. Lilikuwa shati la kiume, na vipimo vyake vilikuwa vya mkwe.