Unastahili, Mwenyekiti

Jumamosi, 6 Septemba

Semina ya uongozi, ukumbi wa nyuma ya soko, Kinondoni. Tumepewa soda, maandazi mawili na daftari hili. Mwalimu ni Madam Loveness, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kupigiwa honi. Amesema kiongozi asiyejithamini huwakandamiza wenzake ili ajione mkubwa. Akauliza nani hapa anapenda mno kusifiwa. Wamenyoosha mikono watu ishirini na wawili. Mimi sikunyoosha. Nikageuka kuona kama kuna aliyeliona hilo.

Ugunduzi mkubwa! Mwaka wa nne huu mimi ni mwenyekiti wa kijiwe chetu cha bajaji. Mwenyekiti ndiye mshika daftari la foleni: anayefika wa kwanza alfajiri anaandikwa namba moja, anabeba abiria wa kwanza. Mimi hufika saa mbili na bado huwa namba moja. Dereva mwenzangu Badru anaiita dhuluma. Kumbe ni kutojithamini! Si tamaa, ni maradhi. Nimefarijika sana.

Uchaguzi Jumamosi ijayo. Badru anagombea. Nikishindwa, daftari linakwenda kwake na mimi narudi kuwa Kasimiri tu. Nina siku saba za kubadilika. Au za kuonekana nimebadilika. Madam hakufafanua tofauti.

Jumapili, 7 Septemba

Zoezi la kwanza: kujitazama kwenye kioo kila asubuhi na kujiambia maneno mema. Nimesimama bafuni nikasema, "Wewe ni kiongozi. Unastahili." Mara tatu.

Mke wangu Eufrazia akauliza kutoka nje naongea na nani. Nikamjibu, na nafsi yangu. Akasema basi niiambie nafsi yangu maji yamekatika tangu jana na ndoo zote tupu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimechelewa kuamka, zoezi nikalifanyia kazini. Nimegeuza kioo cha pembeni cha bajaji kinitazame mimi badala ya barabara. Abiria alikuwa Mama Bupe, muuguzi mstaafu, anakwenda Msasani kwa binti yake. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikaendelea na shughuli zangu. Niliposema "unastahili" mara ya pili, gari la maji lilikuwa limeshasimama mbele yetu. Sikuligonga. Nimeligusa.

Mama Bupe akaomba kushuka hapo hapo. Akarudi kijiweni kwa miguu, jua lile, kumhadithia Mauwa anayetuuzia chai na chapati. Kufika saa sita kijiwe kizima wananisalimia, "Unastahili, Mwenyekiti!" Badru akataka kujua kama kioo huwa kinaitikia.

Nimeyaandika majina ya waliocheka. Kwa ajili ya kuwasamehe baadaye.

Jumanne, 9 Septemba

Zoezi la pili: waombe watu wakuambie udhaifu wako, sikiliza bila kujitetea. Nimeazima ndoo ya maandazi kwa Mauwa, nikatoboa tundu kwenye mfuniko, nikatangaza kwamba maoni ni ya siri. Madereva tuko kumi na wanne. Vikaratasi vilivyoingia, thelathini na kimoja!

Ishirini na sita vinasema foleni. Vitatu vinasema foleni kwa lugha isiyoandikika. Kimoja ni cha Mauwa, anauliza mfuniko wake nani ataulipa. Hicho kingine sikukisoma, kilikuwa kimelowa chai.

Nimesikiliza bila kujitetea, dakika nzima. Kisha nikachukua daftari la foleni, ambamo kila dereva huandika namba ya bajaji yake, nikalinganisha miandiko. Mwandiko wa Benjamin nimeutambua mara moja kwenye kile kilicholowa: saba zake zina mkia. Nikamshusha hadi mwisho wa foleni. Akalalamika karibu alie, eti yeye aliandika kikaratasi kimoja tu.

Jioni kile kilicholowa kimekauka. Kimeandikwa, "Mwenyekiti wetu ana upendo, miaka 7 mingine." Saba yenye mkia.

Alhamisi, 11 Septemba

Zoezi la tatu: kiongozi anayejiamini haogopi kumsifia mwenzake. Nikaona hapa ndipo pa kumbana Badru. Nimsifie hadharani, watu waone ukubwa wangu mimi.

Wakati wa chai nikapanda juu ya kreti. Nikaeleza alivyomrudishia abiria simu mpaka Mbezi Beach. Alivyomkimbiza hospitali mke wa mwenzetu aliyeshikwa na uchungu, akakosa mchana mzima wa kazi. Alivyotuunganishia turubai kipindi cha mvua. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyokumbuka mengine. Nimeongea dakika kumi na mbili. Mwishoni hata mimi nilikuwa tayari kumpigia kura.

Makofi mengi. Yote kwake. Badru akanishika mkono, akasema ahsante, kaka. Nikashuka kwenye kreti.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango wa mwisho, na ndio wenyewe.

Kijiweni kwetu mkubwa akitangaza kwamba amechoka, adabu ni kumbembeleza. Mwaka juzi nilijiuzulu kwa sababu ya kelele za foleni. Walinisihi nusu saa, Mauwa akatoa machozi. (Alikuwa anakata vitunguu, lakini machozi ni machozi.) Kesho nitang'atuka kwa unyenyekevu. Watanisihi. Nitakataa mara mbili. Ya tatu nitakubali, tena bila kura!

Anahitajika mtu wa kuanzisha kusihi. Nimemchagua Benjamin, anayenipenda. Kwenye foleni bado hajarudi mahali pake, sijapata nafasi. Nimemwambia nikimaliza hotuba asimame. Akasema nisiwe na wasiwasi, atasimama.

Jumamosi, 13 Septemba

Watu wote walikuwepo. Madam Loveness naye kaja kama mgeni. Nimesema nimejitambua, nimejithamini, na anayejithamini haning'inii kwenye cheo. Nimejiuzulu. Nikainamisha kichwa kungoja.

Mauwa akaendelea kumimina chai.

Nikamtazama Benjamin. Akasimama, kweli. Akasema mtu mzima akitoa kauli, kumbembeleza aifute ni kumvunjia heshima. Tumpigie Mwenyekiti mstaafu makofi ya kilo tano.

Walipiga kilo kumi.

Badru kapita bila kupingwa. Alichofanya kwanza ni kufungua daftari la foleni na kumrudisha Benjamin mahali pake. Cha pili, kuandika mbele ya jina langu namba kumi na nne. Mauwa akanisogezea chai, akasema pole shemeji, kunywa. Madam Loveness alitokwa na machozi, na pale hapakuwa na kitunguu. Akasema mimi ndiye mshiriki wake wa kwanza aliyebadilika kweli.

Sikumkatalia. Kumkatalia mgeni si uungwana.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeamka saa kumi alfajiri. Kumi na moja kasoro dakika tano niko kijiweni, peke yangu. Badru alipofika akaniandika namba moja. Ya haki! Akasema hongera, kaka. Kwa kweli nilijisikia vizuri, kitu kilichonishangaza.

Nikaona hali hii isipotee bure. Nikageuza kioo cha pembeni, nikaanza, "Wewe ni kiongozi." Nilipoinua macho, abiria wa kwanza amesimama mlangoni. Mama Bupe. Akanitazama mimi, akakitazama kioo, akaenda kupanda namba mbili.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Tatizo ni kioo. Ni kidogo mno kwa mtu wa kiwango changu, lazima nikiinamie, ndiyo maana watu wanaona. Kesho naenda kufunga cha lori.