Doa Jekundu Nyuma ya Migomba

Jumamosi, 12 Julai 2025

Nimepata kazi! Mimi, Mikdad, ambaye Shangazi Habiba anasema nimezaliwa nimechoka, leo nimeajiriwa na watu wa droni. Wamekuja Kiwangwa kufanya mazoezi ya kutafuta mabomu ya kutegwa ardhini. Hapa kwetu hakuna bomu hata moja, alhamdulillahi. Wanafukia ya bandia, makopo ya plastiki yasiyo na baruti, kisha wanarusha droni iyatafute na kuyachorea ramani. Ikifuzu hapa wataipeleka nchi ambako vita viliisha lakini mabomu yakabaki mashambani.

Uwanja wenyewe ni shamba la Mzee Mgeni lililopumzishwa, limezungushiwa kamba. Kazi yangu ni kufukuza mbuzi na wapita njia. Bosi wetu ni Injinia Jasmin, mtu wa Arusha, mpole, lakini akisema hapana ni hapana.

Mungu si Athumani. Barua yangu ya posa iko kwa huyo huyo Mzee Mgeni, namtaka binti yake Shufaa, fundi cherehani. Majibu ni Ijumaa baada ya swala. Mpaka jana nilikuwa mposaji asiye na kazi. Leo ni mtu wa mabomu. Nani atamnyima mke mtu wa mabomu?

Jumapili, 13 Julai

Nimepita kijiweni kwa bahati tu, nimevaa kofia ngumu yenye kioo. Wakaniuliza. Sikusema uongo. Nilisema kazi yangu ni ya mabomu, siruhusiwi kueleza zaidi, nikashusha pumzi. Mengine wakajijazia wenyewe.

Muhidini wa bodaboda alikuwepo. Huyu kila wiki hupeleka suruali ile ile kwa Shufaa ikapunguzwe, sasa imekuwa kaptura. Leo aliitazama kofia mpaka akamsahau abiria wake. Raha niliyoipata!

Jumatatu, 14 Julai

Mambo yameharibika. Neno limezunguka kijiji kizima. Wanawake wamegoma kwenda kuchimba muhogo. Mwalimu wa madrasa amewaambia watoto wazungukie barabara kuu. Injinia Jasmin kaniita, kataka kujua nani kawaambia watu kuna mabomu ya kweli. Nikamwambia watu wa hapa wana maneno sana.

Baya zaidi, jioni Mzee Mgeni kaja kwa Shangazi, udongo mpaka magotini. Kwa heshima zote akauliza kama kijana ana hakika ya kuwa hai mwezi ujao, maana hapendi bintiye akae eda kabla hina haijafutika. Shangazi akamtoa wasiwasi. Kamwambia mimi huyu, jogoo wa jirani hunikimbiza. Huo ndio utetezi!

Nimefikiri sana. Nikikiri kuwa ni makopo matupu, mimi mwongo. Nisipokiri, mimi marehemu. Dawa ni moja: Mzee Mgeni anione kwa macho yake nikitegua bomu na kubaki mzima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwomba Injinia Jasmin anifundishe. Kafurahi. Kumbe droni inaruka alfajiri kwa sababu ardhi iliyofukiwa kitu inapoa na kupata joto tofauti na ardhi ya pembeni. Kamera inaliona lile joto. Penye moto panatokea pekundu kwenye ramani. Ila droni inaonyesha pa kushuku tu. Kuthibitisha ni kazi ya mtu mwenye kifaa cha mkononi, kwa magoti, polepole, na hakuna kufukua mpaka yeye aseme.

Niliitikia kwa adabu. Maneno ya mwisho sikuyashika vizuri, nilikuwa najitazama kwenye kioo cha kofia.

Jumatano, 16 Julai

Ya leo naandika huku bado nanuka moshi.

Droni ilirudi na ramani safi. Madoa yote yapo ndani ya kamba, yanapotakiwa. Isipokuwa moja. Kubwa, jekundu kama pilipili, nje ya kamba, nyuma ya migomba ya Mzee Mgeni. Injinia Jasmin akashtuka. Akasema pale hawakufukia kitu. Akaamuru kila mtu asimame alipo, mwenye shamba aulizwe kwanza, kisha akaenda garini kuchukua kifaa.

Nikacheka moyoni. Hawakufukia! Huo ni mtihani. Kopo la siri, la kunipima mimi. Na barabarani watu walikuwa wameshajaa kutazama droni, Muhidini kainua simu anarekodi, na Mzee Mgeni mwenyewe anakuja mbio kutoka msikitini, kanzu kaikunja mkononi, ananipungia. Nikajua anaona fahari. Nikampungia na mimi.

Nikashusha kioo. Bismillahi. Nikaenda kwa magoti, nikafukua kwa mikono. Udongo wa moto! Hapo moyo uliruka, maana makopo hayana moto. Nilitaka kurudi, wallahi nilitaka, lakini simu ya Muhidini ilikuwa bado juu. Nikavuta majani makavu. Moshi ukanipiga usoni. Watu wakalala chini. Mwalimu wa madrasa akaanza kutoa shahada kwa sauti. Nikashika, nikanyanyua juu mbele ya kijiji kizima.

Mkungu wa ndizi.

Shimo zima la ndizi! Mzee Mgeni kazivundika tangu Jumatatu, kazifukia na kuzitia moshi ziive pamoja. Sasa zimepigwa na baridi ya alfajiri zikiwa nusu. Ndizi ya namna hiyo haiivi tena, na wala mbichi si mbichi. Mzee alifika anahema. Akazitazama ndizi, akanitazama mimi. Bora angenipiga.

Mtoto wa Kiwangwa, nimekuzwa kwa ndizi za kuvundika, sijui shimo la ndizi! Lakini najitetea: kwenye ramani hazikuonekana kama ndizi.

Aliyefurahi ni Injinia Jasmin peke yake. Hajawahi kuona ndizi zikiivishwa ardhini. Kasema droni imefaulu, imeona hata ambacho haikuambiwa. Kisha akaniambia nirudishe kofia.

Alhamisi, 17 Julai

Shangazi kaenda kuomba radhi. Karudi, kavua ushungi, kaketi, kaniuliza kama najua zile ndizi zilikuwa za nini. Nikasema za kuuza.

"Mikdad," akaniambia, "mtu havundiki ndizi za kukataa posa."

Zilikuwa za Ijumaa. Za wageni wa upande wetu. Mzee alishakubali kabla ya droni, kabla ya kofia, kabla ya lolote. Nimefukua uchumba wangu kwa mikono yangu mwenyewe! Nimelia. Chai imepoa sijainywa.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala tumekwenda. Kahawa na tende tu, mezani pengo la ndizi lilikuwa wazi. Video ya Muhidini imefika mpaka mjini Dunda, mjomba mmoja alikuwa anaitazama pale pale. Mzee Mgeni akasema yeye hana neno tena, aulizwe binti.

Shufaa akaja mlangoni.

"Mimi nilimkubali Mikdad asiye na kazi," akasema. "Huyo wa mabomu simjui."

Watu wakaangua kicheko, na Mzee naye kicheko kikamtoka. Hukumu ikatoka: nilete ndizi zangu, nizivundike mwenyewe katika shimo lile lile, nisilifunue mpaka Jumatano, na nisifungue mdomo kijiweni. Zikiiva, uchumba umekubalika. Zikiharibika, Mzee atajua mimi ni mtu nisiyeweza kukiacha kitu kikatulia, na bintiye hatamtoa.

Rahisi mno! Mtu yeyote anaweza kukaa bila kufanya kitu. Mimi ndiyo fani yangu.

Jumatatu, 21 Julai

Ndizi zimo ardhini tangu Jumamosi. Nimekuwa kimya kama kaburi.

Asubuhi hii kijiweni Muhidini kaniuliza hali ya mtegua mabomu. Wakacheka. Nikavumilia. Wakacheka tena. Basi nikawaeleza, kwa ufupi sana, kwamba wanamcheka mvumbuzi. Droni inaona joto, ndizi zinazovundikwa zina joto, kwa hiyo mtu anaweza kujua ndizi zimefika wapi bila kufukua. Pwani nzima hakuna aliyeliwaza hilo ila mimi. Nimewaalika wote kesho alfajiri waje kushuhudia, na Mzee Mgeni na Shufaa nimewatumia salamu waje pia. Injinia Jasmin bado sijamwambia, lakini yule ni mpole.

Kulikuwa na tatizo dogo tu. Jioni nimeligusa shimo, nikaona kama limepoa. Doa likitokea hafifu si nitaaibika? Kwa hiyo nimefunua pembeni, kidogo sana, nikaongeza makaa. Karai zima. Nimefunika vizuri. Harufu inayotoka ni ya ndizi zilizoiva, pengine zimeshakolea zaidi kuliko nilivyotarajia.

Kesho Shufaa atajionea kwa macho yake amechagua mwanamume wa namna gani.