Mwenyekiti wa Mazungumzo ya Dini

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimeanzisha Kamati ya Mazungumzo ya Dini. Mwenyekiti: mimi. Wajumbe: bado. Tangu mke wangu afariki naongea na saa mbovu za wateja tu. Imamu na mchungaji hupita mlangoni pa karakana yangu kila siku bila kugeuza shingo. Sasa watageuza!

Jumanne, 10 Juni
Nimemwambia imamu kwamba mchungaji anamwita mwoga wa mijadala. Nikamwambia mchungaji hivyo hivyo, neno kwa neno, nisije nikaonekana napendelea. Wamevimba. Watakuja! Nimeazima viti kumi kwa mshonaji jirani. Akauliza kwa upole kama nimefiwa tena.

Jumatano, 11 Juni
Wamekuja wawili tu. Nikaanza hotuba ya ufunguzi, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza haujaisha, imamu kamuuliza mchungaji kwa nini alimwita mwoga. Mchungaji kasema aliyeitwa mwoga ni yeye. Macho yote kwangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu wakacheka mpaka mchungaji akashika mbavu! Wakaanza kuulizana wanavyowaombea wagonjwa, na wanasema nini mgonjwa asipopona. Imamu alikiri kuwa siku nyingine hana la kusema, hukaa tu na wafiwa. Mchungaji akasema naye ni hivyo hivyo, ila hajawahi kumwambia mtu. Hotuba yangu hakuna aliyeikumbuka.

Mlangoni imamu akanigeukia. "Na wewe, fundi, unasali wapi siku hizi?"

Nikasema kazi zimenibana. Uongo. Tangu mazishi sijui hata nianzie wapi.

Alhamisi, 12 Juni
Mchungaji kapita. Watakutana tena Jumamosi, barazani kwake. "Njoo, ndugu yangu. Mwenyekiti hatumhitaji, tunakuhitaji wewe."

Hawamhitaji mwenyekiti! Nikajibu nina shughuli nyingi. Watanibembeleza tu.

Jumamosi, 14 Juni
Sijabembelezwa. Nimevaa koti tangu saa nane. Saa kumi nikapita mbele ya baraza, kwa bahati tu, mara tatu. Walikuwa wameinamiana, mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Kiti cha tatu kitupu. Imamu akanipungia mkono. Nikatazama saa yangu kama mtu anayesubiriwa mahali. Nikarudi nyumbani, nikakaa na koti langu.

Jumapili, 15 Juni
Dawa imepatikana! Nimemwambia mshonaji kwamba imamu na mchungaji wameniomba niongoze Baraza Kuu la Maombi ya Mtaa, na yeye wamempendekeza awe katibu. Amefurahi mno. Kesho asubuhi anakwenda kuwashukuru wenyewe. Mambo yameiva!