Nilivyofunga Mota ya Darubini Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimeadhirika. Tena si mbele ya mpita njia. Mbele ya mama mkwe.

Nawaandikia mapema kwa sababu Rukia, mke wangu, keshaanza kusambaza habari kwa upande wake, na upande wake hauna huruma.

Wasionijua: mimi ni fundi wa injini za boti hapa Amu, au Lamu kama mnavyoiita wengine. Watu wa Shela na Ras Kitau wakikwama baharini, simu inayolia ni yangu. Injini ya nguvu za farasi arobaini naifungua na kuifunga huku nasikiliza mpira redioni.

Mwaka jana mgeni mmoja aliyekuwa amekodi nyumba Ras Kitau aliondoka akaniachia darubini yake ya kutazamia nyota. Alisema ni nzito kubeba. Nadhani alichoka na maswali yangu, maana kila nilipokwenda kumtengenezea boti nilimwuliza kitu juu ya ile darubini. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama juu.

Mwingine aliyeipenda ni mama mkwe wangu, Bi Mwanaesha. Huyu mama alikuwa mshoni. Kanzu za maharusi wengi wa mtaa huu zimepita mikononi mwake. Sasa mikono inamtetemeka, na cherehani kaifunika shuka. Macho yake lakini ni mazima kuliko yangu.

Shida ni hii. Darubini ina kinobu cha pembeni. Unakizungusha, bomba la nyuma linatoka au linaingia, mpaka picha inakuwa safi. Akikigusa Bi Mwanaesha, darubini nzima inatikisika na mwezi unarukaruka. Basi namzungushia mimi. Anatazama kidogo, anashukuru, anainuka. Siku moja nikamwuliza kwa nini hakai.

"Mato yangu mazima, mwanangu," akanijibu. "Lakini nionacho ni chako. Wewe ndiwe uliyekitengeneza."

Maneno hayo yalinikaa. Nikaingia mtandaoni kutafuta, nikagundua kuna mota ndogo, kubwa kidogo tu kuliko kiberiti, inayofungwa pale penye kinobu. Ina rimoti ya vitufe viwili. Unabonyeza, picha inajisafisha yenyewe, na darubini huigusi kabisa. Nikaagiza. Jana ikafika, kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti.

Leo asubuhi nikakaa sakafuni kuifunga. Ilikuja na karatasi ya maelezo. Sikuisoma. (Injini ya farasi arobaini, jamani.)

Kinobu kikatoka bila taabu, ukabaki mhimili wake. Nikauunganisha na mota kwa kiungo cha shaba chenye skrubu ndogo kama punje za mtama. Nikataka kujua ndani mna nini, nikafungua kifuniko. Mna gia tano, kila moja ndogo kuliko mwenzake. Mota yenyewe inazunguka mbio, lakini hadi nguvu ifike nje inazunguka polepole kama mtu anayefikiri. Nilikaa nikiitazama mpaka chai ikapoa. Nikarudisha kifuniko, nikaishika mota mkononi vizuri, nikabonyeza kitufe. Ikanguruma kama nyuki na bomba likatoka. Nikabonyeza cha pili, likaingia. Nilicheza hivyo karibu nusu saa. (Nina miaka arobaini na mbili.)

Nilipomaliza, kwenye mfuko wa plastiki zilibaki skrubu mbili ndefu na kibati kilichokunjwa. Nikamwambia Rukia ni vya akiba. Akaniuliza kibati nacho ni cha akiba? Nikamjibu kwamba watu wa kiwandani ni wakarimu.

Baada ya swala ya alasiri tukaibeba darubini mpaka kwa Bi Mwanaesha, darini, juu ya paa. Mwezi ulikuwa nusu, mweupe, juu upande wa kisiwa cha Manda. Nilitegemea tutakuwa watatu. Kumbe mama mkwe kawaalika shoga zake wawili, Bi Zena na Bi Maryamu, kawaambia mkwe wake kamtengenezea kitu. Wamekaa mkekani na kahawa na kaimati, wananisubiri mimi.

Basi nikatoa hotuba. Nikaeleza gia tano. Nikaeleza kwamba kuanzia leo hakuna mkono wa mtu utakaogusa darubini. Bi Zena akauliza kama inaweza kukoroga uji. Nikacheka kwa heshima.

Rimoti ina waya mrefu, na waya ulikuwa umelala sakafuni. Nikaogopa mama asije akajikwaa. Nikaukusanya ule uliozidi, nikauchomeka kiunoni, kwenye mkunjo wa kikoi changu. (Nilijipongeza kwa busara hiyo.)

Bi Mwanaesha akakaa kwenye kigoda, jicho kwenye kioo, rimoti mapajani. Mimi nikasimama pembeni yake, mikono nyuma, kama mhandisi wa bandari. Nikamwambia abonyeze kitufe cha kulia. Mota ikanguruma.

"Waona, Mama?"

"Naona weupe tu."

Nikamwambia aendelee kubonyeza. Akaendelea. Nikahisi kitu kinanivuta kiunoni, taratibu. Nikadhani ni Rukia. Rukia alikuwa ng'ambo ya dari anamimina kahawa.

Nikatazama chini. Bomba la darubini halikuwa likienda popote. Iliyokuwa ikizunguka ni mota yenyewe, mwili mzima, inauzunguka ule mhimili kama ngamia wa kinu cha ufuta. Na kila mzunguko inajiviringishia waya. Na waya umepita kwenye kikoi changu.

Hapo ningesema tu, "Mama, acha." Mtu mwenye akili angesema. Lakini nimetoka kutoa hotuba, na wale wageni wananitazama. Nikasogea hatua moja karibu, kuulegeza waya. Mota ikaimeza hiyo hatua. Nikasogea nyingine. Ikameza. Sasa nyonga yangu imegusa darubini, na siwezi kuvuta, maana nikivuta inapinduka na kwenda kumwangukia mtu njiani huko chini. Mkono mmoja nikashika darubini (ile ambayo hakuna mkono wa mtu utakaoigusa), mkono wa pili nikashika kikoi. Pembe ya kikoi ikawa imeshanaswa pamoja na waya.

"Mama, hebu bonyeza kile kingine," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetulia.

"Kipi?"

"Cha kushoto."

Akaigeuza rimoti apate kuiona vizuri, akabonyeza cha kushoto. Kwa kuwa ameigeuza juu chini, kikawa ni kile kile.

Kikoi kikaondoka. Hakikuanguka. Kingeanguka ningekiokota. Kilipanda, kikaenda kujizungusha kwenye mota, pamoja na heshima yangu yote.

Bi Maryamu akageuka kuitazama Manda kana kwamba anahesabu mikoko. Bi Zena akaweka kikombe chini. Bi Mwanaesha, kwa vile darubini imesukumwa na mwezi umempotea, akainua jicho kutaka kujua kulikoni. Akanikuta nimesimama mbele yake na kaptura. Kaptura yenyewe ni ya nyumbani, Rukia aliishona kwa kitambaa chenye maua makubwa ya rangi ya chungwa.

Akaitazama ile kaptura kwa muda. Macho ya mshoni yale.

"Hicho si kitambaa cha pazia nilichowapa?"

Nikakiri kuwa ndicho.

"Nilikuwa nikijiuliza mbona dirisha lenu li tupu."

Hapo Bi Zena akapasuka. Rukia ilibidi akae kwenye ngazi. Hata Bi Maryamu, na mikoko yake, mabega yakaanza kumtikisika. Nikaletewa leso nijifunge. Leso ya rangi ya waridi, nadhani waliichagua.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Mwanaesha peke yake. Alikuwa ameinamia mota, anaufungua waya na kikoi taratibu kwa vidole vyake vinavyotetemeka, anaikagua huku na huku. Akauliza kiti chake ki wapi. Nikauliza kiti gani. Akanisimulia kwamba mwaka aliotia mota kwenye cherehani yake, fundi alisahau kuikaza kwenye meza, na siku ya kwanza ikajizungusha ikala mkono wa kanzu ya bwana harusi.

"Mota isiposhikwa yazunguka yenyewe," akasema. "Asubuhi ulipoijaribu, uliishika?"

"Niliishika mkononi, Mama."

"Basi mkono wako ndio uliokuwa kiti."

Nikamweleza kuhusu vile vya akiba. Rukia akatumwa nyumbani akalete ule mfuko wa plastiki. Skrubu mbili, kibati kimoja: kiti chenyewe. Vyote vikaingia mahali pake kana kwamba vilizaliwa hapo. Kwa dakika kumi nilikaza skrubu nimevaa leso, huku mama wa miaka sabini akinielekeza kaza hapa, legeza kidogo pale.

Akakaa tena. Akabonyeza. Safari hii bomba likaenda. Akaacha, akarudisha kidogo, akaacha tena. Mikono inatetemeka mapajani, lakini darubini imetulia tuli. Nikainama kukagua skrubu, nisije nikawa nimeharibu kingine.

"Ukingo wake umechanika," akasema polepole. "Kama kitambaa kilichokatwa kisipindwe."

Nikamwuliza ukingo upi. Akasema si ule wa nje, ule wa nje ni laini. Ni huu wa katikati, panapokutana mwangaza na giza. Mwaka mzima natazama mwezi na sijawahi kujiuliza kwa nini upande mmoja ni laini na mwingine una meno. Tukaanza kubishana. Mimi nikasema ni milima. Akasema milima ingekuwa kote. Akatazama tena, kisha akasema huenda milima iko kote kweli, ila pale katikati ndipo jua la huko linapochomoza, na jua likiwa chini kila kitu kina kivuli kirefu. Akatuonyesha vivuli vyetu wenyewe vilivyolala darini, virefu kuliko sisi.

Nikaomba nione. Akasema ngoja. Bi Zena akaomba, naye akaambiwa angoje. Hakuinuka pale mpaka karibu na adhana ya magharibi. Zamu yangu haikufika.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na mkisikia vingine si kweli. Naomba mcheke usiku wa leo mmalize, kwa sababu kesho asubuhi nina kazi Ras Kitau, na anayenivusha ni mwanawe Bi Zena.