Bega la Nguruwe, Soda na Samahani

Jumapili, 9 Juni

Nimebaki peke yangu nyumbani. Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Mchana tulikuwa na wageni: dada mkubwa wa mke wangu na mumewe, yaani mwanyumba wangu. Mke wangu alipika nyama ya nguruwe. Ilikuwa ngumu kidogo. Nikasema, kwa utani tu, kwamba nyama hii haihitaji mlaji, inahitaji fundi viatu. Hakuna aliyecheka. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza kwamba kupika nyama laini si kazi: unatia chunguni, unaondoka zako.

Mke wangu akaweka kijiko chini taratibu. Akasema vizuri, Jumapili ijayo niwapikie mimi hawa hawa. Nikishindwa, nimwombe radhi mbele yao. Kwa sasa yeye anakwenda kupumzika kwa dada yake. Amechukua mkoba, mswaki na ndala. Ndala ndizo zinazonitia wasiwasi. Mtu wa siku mbili huazima.

Ningeweza kumwomba radhi pale pale mlangoni. Neno lilikuwa limefika ulimini. Nikalimeza.

Jumatatu, 10 Juni

Kazini kwangu tunatengeneza miwani. Leo nimemwekea mteja lenzi ya kulia kushoto. Amerudi akilalamika kwamba ngazi zinamkimbia.

Jioni nimemfuata mwanyumba kwenye karakana yake ya friji, maana nyumbani kwake kuna mke wangu. Ukoo mzima unamsifu kwa nyama yake ya nguruwe, ile inayoiva na soda mpaka inachambuka nyuzi nyuzi. Nimeichukia kwa miaka sita, nikiongeza sahani kila mara. Huipika kwenye chungu cha umeme kinachokwenda polepole sana. Mafundi wake wanakiita Kobe.

Nilidhani atanizungusha. Wapi. Akamfuta Kobe vumbi, akanipa, na maelekezo juu: ninunue bega lenye mafuta, nitumie soda ya kahawia yenye sukari, moto mdogo kwa saa nane, nisifunue kifuniko. Akanishika bega akanitakia heri.

Nimeyatafakari hayo njia nzima. Mtu hakupi siri yake yote huku anatabasamu. Ni mtego.

Jumatano, 12 Juni

Jaribio. Nimeomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino. Nimefanya kinyume cha kila alichosema. Yeye kasema bega, mimi paja lisilo na mafuta. Kasema soda ya kahawia, mimi ya ndimu, isiyo na sukari. Kasema moto mdogo, mimi mkubwa, saa nne. Kifuniko nimekifunua kila baada ya nusu saa, nyama ijue kuna mtu.

Imetoka kijivu. Nimeivuta kwa uma, uma umepinda. Nimempa paka wa jirani kipande kimoja; amekilamba, akaniangalia kwa huruma, akaondoka.

Nimekaa nikiwaza. Labda mwanyumba alijua kwamba nitafanya kinyume. Basi ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nimekula mkate. Jino limeanza kuuma kweli.

Alhamisi, 13 Juni

Nimempigia mke wangu. Nilijipanga niwe mpole. Nikamuuliza hali, akasema nzuri. Nikamuuliza dada yake, mzima. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna jambo nataka kumwambia.

Nikasema lipo.

Akangoja. Nilimsikia akivuta pumzi.

Nikamuuliza chujio kubwa liko wapi.

Akasema liko kabati la chini, nyuma ya beseni. Akakata.

Lilikuwepo kweli. Sina hata kazi nalo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda buchani kutafuta ushauri wa mtu asiye na upande. Muuza nyama akanisikiliza, akauweka upanga wake juu ya gogo, akasema: chukua bega lenye mafuta, tia soda ya kahawia yenye sukari, moto mdogo, saa nane, wala usifunue.

Wanajuana.

Nimelibeba bega hivyo hivyo, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na foleni. Njiani nimepanga hila tatu mpya. Kufika nyumbani nilikuwa nimezisahau zote. Nimelala na viatu.

Jumapili, 16 Juni

Nitaandika yote kabla sijayapamba.

Saa kumi na moja alfajiri nimetia bega, soda ya kahawia, vitunguu na chumvi. Si kwamba nimeamini. Nimechoka tu, hata kufanya kinyume kunataka nguvu. Nikaketi kwenye kiti cha jikoni kumlinda Kobe, nikapitiwa na usingizi. Kwa hiyo kifuniko hakikufunuliwa. Nimeamshwa na hodi, saa saba kasoro.

Nyama nimeigusa kwa uma, ikaanguka yenyewe, nyuzi nyuzi, kama mtu aliyepokea habari mbaya. Harufu tamu imejaa nyumba nzima. Shemeji, yule dada wa mke wangu, amejaza sahani mara mbili. Mwanyumba amenipa mkono, na alikuwa amefurahi kwelikweli, jambo ambalo limeniuma zaidi.

Mke wangu alikula yote. Akafuta vidole.

“Umeshinda,” akasema. “Kweli kupika si kazi. Basi hunihitaji.”

Akainuka, akaiosha sahani yake peke yake, kama mgeni. Ndipo nikagundua amekuja mikono mitupu. Mkoba ameuacha kule.

Wiki nzima nimepigania kushinda. Hakuna aliyeniambia nikishinda atarudi kwa sababu gani.

Nikawahi kutangaza kwamba nyama imepikwa na mwanyumba, kwa hiyo nimeshindwa. Mwanyumba, mtu mkweli asiye na faida yoyote, akasema hajagusa hata chumvi. Nikasema basi ni muuza nyama. Shemeji akaanza kuikagua dari. Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni.

Nikasema samahani. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, tena mwenye mafua.

“Kwa lipi?”

“Kwa fundi viatu.”

“Na lipi tena?”

“Na kwa chujio.”

Akauma mdomo, lakini cheko lilikuwa limeshamtoka. Akasema atakwenda kufunga vitu vyake. Dada yake akasema vimefungwa tangu Jumanne, wamechoka kunisubiri.

Jumanne, 18 Juni

Nyumba imerudi kuwa nyumba. Kazini leo nimeweka lenzi zote upande wake.

Jioni shemeji amepita kutuonyesha gauni alilolishona mwezi mzima. Nimeona ni nafasi nzuri ya kujenga undugu. Nimelisifu rangi, nimelisifu mikono. Kisha nikamwambia, kwa nia njema, kwamba pindo limekwenda upande kidogo kushoto, na kwamba sisi tunaokata vioo kila siku tunajua mstari mnyoofu si kazi ya mwezi. Ni kazi ya mchana mmoja.

Mke wangu akafunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yakimtetemeka, na si kwa kilio.

Shemeji amenikabidhi kitambaa. Anataka sketi yenye marinda kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

Mwanyumba amenipigia sasa hivi kuniambia ana cherehani, na kwamba nianze kwa kupima kwanza kabla ya kukata.

Kupima kwanza. Huyu mtu ananiona mtoto.